Mbunge na Shamba Langu la Mtoni

Mwalimu alipofika kwetu mara ya kwanza nilimpa kigoda akae. Akatoa kitambaa cheupe mfukoni, akapangusa kigoda, ndipo akakaa. Kigoda nilichokuwa nimekisugua kwa majivu asubuhi hiyo hiyo! Nikasema moyoni, haya, wazungu hawajaondoka na huyu ameshafika. Mume wangu akacheka tu. Yeye alikuwa mtu wa kucheka. Mimi sikuzaliwa hivyo.

Ilikuwa kabla ya Uhuru. Mwalimu alitoka Tanganyika, akaletwa kufundisha shule yetu ya mlimani, ambayo wakati huo ilikuwa nyumba moja ya udongo na chuma cha gari kilichoning'inizwa kuwa kengele. Alikuja na mke, baiskeli, na sanduku la bati lililojaa vitabu. Upande huu wa mpaka hakuwa na ndugu hata wa kumwazima chumvi.

Mtu wa namna hiyo sisi Wagusii tunamwita omomenyi, mtu anayekaa kwenye ardhi ya wenyewe kwa ruhusa ya wenyewe. Si tusi, na si sifa pia. Omomenyi analima, anavuna, anakula, watoto wake wanacheza na wenu. Mambo mawili tu hafanyi. Hasemi wazee wanapokaa kwa habari ya ardhi. Na hazikwi hapo, wala haziki watu wake hapo, kwa sababu kwetu mtu anazikwa kwake. Mkimwacha azike, mmeshamwambia hapa ni kwako.

Mume wangu alimwonyesha kipande cha chini kando ya mto, ule udongo mweusi unaoshika jembe. Walisimama pale watatu: mume wangu, ndugu yake mkubwa ambaye ni shemeji yangu, na jirani mmoja wa kushuhudia. "Lima hapa mpaka siku utakayohamishwa," mume wangu akamwambia. Nami nilikuwa nyuma yao na mtoto mgongoni, kitinda mimba wangu. Juu ya mlima pangekuwa pa kijana wangu wa kwanza, katikati pa wa pili, na pale mtoni pangekuwa pake huyo wa mgongoni atakapokuwa mkubwa wa kujenga. Hilo kila mtu alilijua, hata mbuzi.

Mwalimu akashukuru kwa Kiswahili kirefu, na shemeji akaitikia kwa kichwa bila kuelewa nusu yake. Mimi nilielewa. Nilikuwa nimekaa Kericho miaka minne na mume wangu kwenye mashamba ya chai, na huko usipojua Kiswahili unalala njaa. Shuleni nilifika darasa la pili tu, baba akanitoa nikachunge ng'ombe, lakini mdomo wangu ulikuwa na masomo yake. Basi tangu siku hiyo nikawa mdomo wa Mwalimu. Wazazi wakiitwa shuleni, yeye anasema, mimi nageuza kwa Kigusii. Akitaka akina mama walete maji na udongo wa kukandika darasa jipya, ni mimi ninayezunguka kwenye miji yao, boma kwa boma, kuwachokoza.

Nisiseme uongo, kufundisha alijua. Alichapa watoto kama anapiga maharage, lakini walisoma. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuwatoa wasichana jikoni. Baba mmoja alimfukuza na panga, kesho yake Mwalimu akarudi na baiskeli yake ile ile. Binti yangu alisoma kwake mpaka akawa ananisomea barua za baba yake, aliyekuwa amerudi kazini Kericho, na kurudia mahali palipoandikwa salamu zangu. Kwa hilo nilimshukuru wakati ule. Shukrani hiyo nilishaimaliza.

Msimu mmoja wa mvua ndefu surua ikapita kwetu kama moto wa nyasi. Mwalimu alikuwa na kasichana ka miezi minane. Kakafa asubuhi. Mke wake, mwanamke mdogo asiyepaza sauti hata akiungua, alikakumbatia mpaka mchana bila kukubali mtu akaguse. Mume wangu alikuwa Kericho. Shemeji alikuwa ameenda mnada wa ng'ombe Ogembo. Daraja lilikuwa limebebwa na maji, na Tanganyika ni mbali hata kwa mtu asiyebeba maiti.

Mwalimu akaja kwangu, suruali imelowa mpaka magotini. Siku hiyo hakupangusa kitu. Akapiga magoti kwenye tope mbele ya mlango wangu.

"Mama, nimweke wapi mtoto wangu?"

Mimi nilizika wawili kabla ya hao nilio nao. Sikufikiria wazee, sikufikiria ardhi. Nikachukua jembe, nikamwonyesha chini ya migomba, kwenye kile kipande cha mtoni, na mimi mwenyewe nikachimba naye.

Akina mama wa mlima waliposikia walinijia na mikono kiunoni. "Wewe, umefanya nini? Umemzikia omomenyi? Mwenye ardhi ni nani, ni wewe?"

"Mwende mkamfukue basi," nikawaambia, "kama mna nguvu hizo."

Mume wangu aliporudi alikaa siku mbili bila kucheka. Siku ya tatu akasema, "Yamekwisha." Hayakuwa yamekwisha, lakini yeye hakukaa kuyaona. Kifua kilimchukua mwaka uliofuata Uhuru, nikabaki na watoto wanne, pareto, na shemeji.

Baada ya Uhuru Mwalimu akajiandikisha kuwa raia. Akawa mwalimu mkuu. Akavaa tai. Kisha akasema anataka Bunge.

Watu walicheka kutoka Birongo mpaka Kisii mjini. Omomenyi aende Bunge? Asiye hata na mahali pa kufunga mbuzi? Lakini yeye alikuwa ameshatuhesabu, mjanja yule. Upande wetu kuna koo mbili kubwa, na zilikuwa zinachukiana vibaya. Kila moja ilikuwa na mtu wake wa kusimama. Mwalimu hakwenda kuomba apendwe. Alikwenda kwa koo zile ndogo kwanza, halafu kwa kila mtu aliyewahi kugombana na ndugu yake, akawaambia, "Mimi sina ukoo. Nikipata barabara nitaipitisha kwa nani? Kwenu wote." Na wale wakubwa, kila mmoja alimtaka omomenyi ashinde kuliko ashinde yule mwingine. Chuki yetu ndiyo iliyompeleka Nairobi.

Chuki hiyo, na mimi. Kwa sababu akina mama hawakuwa wamezoea kuambiwa kitu na mgombea. Mwalimu aliwaita peke yao, sokoni, kanisani, kwenye chama cha kulimiana. Alisimama kwenye kiti, mimi nikasimama chini kugeuza maneno. Alikuwa na jambo moja alilolirudia kila mahali. Ananionyesha kwa kidole, anasema, "Mnamwona mama huyu? Neno lake ni neno. Mzee akisema na mama akisema, ni sawasawa."

Nilipolisema hilo kwa Kigusii mara ya kwanza, ulimi wangu ulikuwa kama wa mtu mwingine. Mama mmoja mzee akaangua kicheko. "Omong'ina," akaniambia, yaani mama mwenye heshima, "umelewa?" Lakini mara ya tano hakuna aliyecheka, na mara ya kumi nililisema kwa sauti kubwa kumshinda mwenyewe. Niliamini. Nikaanza kutembea barabarani kichwa juu, shemeji akawa ananiita Mheshimiwa kwa kejeli. Siku ya kura nilipeleka akina mama kwa mistari kama sungusungu, kila mmoja anajua alama ya kutia.

Akashinda. Tulimbeba. Mimi binafsi nilimbeba mguu wa kushoto, na ulikuwa mzito.

Basi. Mwaka haukwisha, mashamba yakaanza kupimwa. Serikali ilikuwa inaandika kila kipande na mwenyewe, mtu apewe karatasi. Ilikuwepo kamati ya wazee wa kusema mpaka uko wapi, na afisa mmoja kijana mwenye mnyororo wa kupimia na ramani iliyoviringishwa. Watu waliamka asubuhi wakapanda miti mahali ambapo jana hapakuwa na mti. Ndugu waliozaliwa tumbo moja walivunjana meno kwa hatua tatu za ardhi.

Wakafika kwangu siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Wazee wakakaa kwenye majani kando ya mto. Nikasema, hapa hakuna kesi, ni kuweka alama tu na kwenda. Ndipo tukasikia Landrova. Mwalimu, sasa Mheshimiwa mwenyewe, akashuka, na nyuma yake mtu amebeba kiti kutoka shuleni. Akaketi. Wazee wa kamati, watu wazima wenye mvi, wakasimama kumsalimu.

"Wazee wangu," akasema, na sasa Kigusii alikuwa anakijua, cha kukwaruza lakini alikijua, "nimekuja kama raia. Kipande hiki ni changu."

Nilifikiri anatania. Nikatazama kama kuna mtu anacheka.

Mwenyekiti wa kamati akauliza, kwa adabu ya kumuogopa, "Mheshimiwa, kwa njia gani? Marehemu alikupa ulime tu. Jirani yupo, alishuhudia."

"Ni kweli alinipa nilime. Lakini baadaye nilizika hapa. Mtoto wangu yuko pale." Akanyoosha mkono kwenye migomba. "Mlinifundisha nyinyi wenyewe kwamba mtu anazikwa kwake. Sikuzika kwa wizi. Niliomba, nikapewa. Muulizeni mama huyu kama ni uongo."

Wazee wakanigeukia wote.

"Ulimpa?" mwenyekiti akauliza.

"Nilimpa mahali pa kuzika mtoto," nikasema. "Sikumpa shamba!"

"Kwetu vitu hivyo ni viwili?"

Kwetu si viwili. Wote tulijua.

Mheshimiwa akapandisha mguu mmoja juu ya mwingine. Alivaa soksi nyeupe. Akasema taratibu, kwa Kiswahili sasa, akinitazama mimi peke yangu, "Mimi nimewaambia watu mlima mzima kwamba neno la mama huyu ni neno. Sitalikana leo."

Hapo ndipo nilipomwelewa. Alikuwa amekaa pale na kiti chake akijua kwamba lango liko moja tu la mimi kutokea, na akijua sitapita. Alijua kiburi changu kuliko mume wangu alivyokijua. Alikipanda mwenyewe, akakimwagilia maji, sasa alikuja kuvuna.

Shemeji akanisogelea, akaninong'oneza. Harufu ya ugoro. "Sema hukuwa na uwezo. Sema wewe ni mwanamke, ardhi si yako kutoa. Sema neno lako si kitu. Utasema au kijana wako ajenge juu ya mti?"

Nilimtafuta kitinda mimba wangu kwa macho. Alikuwa ng'ambo na ng'ombe, miaka tisa, anawapigia mluzi, hajui lolote. Nikatazama akina mama waliokuja kusikiliza, wamesimama juu ya kilima na mizigo vichwani. Ni wale wale niliowapeleka kwa mistari.

Nikasimama katikati.

"Wazee wangu," nikasema, "mimi ni mwanamke. Mume wangu hakuwepo. Ardhi ni ya ukoo, wala mimi si wa ukoo, niliolewa tu hapa. Nilisema kitu ambacho si changu kusema. Neno langu kwenye ardhi si kitu. Ni kama mtoto alisema. Ni kama ng'ombe alilia."

Halafu wazee wakaanza kuitikia kwa vichwa, mmoja baada ya mwingine, na nyuso zao zikalainika. Walifurahi kweli. Ilikuwa kama nimewapikia. Mwenyekiti akasema, "Mama huyu ana akili," na wengine wakasema, "Sana. Sana." Mama mmoja pale kilimani akageuka na mzigo wake akaenda zake.

Mheshimiwa alinitazama kama mtu aliyekalia moto. "Mama," akasema, "unajua unachosema?"

"Najua, Mwalimu. Nilijifunza kwako kusema mbele za watu."

Wazee wakaamua kwamba kaburi likae bila kuguswa, na ardhi ibaki ya mji wetu, ya boma la marehemu. Afisa akanyoosha mnyororo wake. Nikadhani nimelipa na nimemaliza. Kumbe nilikuwa bado nalipa, kwa sababu afisa alifungua kitabu akauliza, "Naandika jina la nani? Marehemu ana wana wadogo."

"Andika langu," nikasema. "Mimi ni mama yao."

Mwenyekiti akasikitika kwa upole, ule upole wa kumwonea mtu huruma. "Omong'ina, si wewe umesema sasa hivi? Ardhi na neno la mwanamke ni wapi na wapi? Mwandike shemeji yake awalindie watoto."

Shemeji akatoa jina lake haraka hata kabla ya kuulizwa. Vipande vyote vitatu viliingia kwenye kitabu kwa jina lake, cha mlimani, cha katikati, cha mtoni. Mheshimiwa alicheka, akainuka, mtu wake akabeba kiti, wakaondoka. Kicheko kile bado nakisikia nikipalilia.

Sikulia. Nilishuka mtoni siku hiyo hiyo nikalima mpaka migomba ile ya kaburi, nikapanda viazi. Shemeji alipokuja na fimbo kuniambia msimu ujao pale ataweka nyasi za ng'ombe wake, nikamwambia aje na ng'ombe na jeneza. Hakuja. Lakini karatasi alikuwa nayo, ndani ya kabati lake, na funguo shingoni.

Mheshimiwa alikaa Bunge miaka yake. Barabara aliyoahidi ilifika mahali fulani karibu na Itumbe ikachoka. Shule alijenga, siwezi kukataa, mawe na mabati, nayo ndiyo iliyotundika picha yake ukutani. Mke wake sikumwona tena tangu alipohamia Nairobi. Halafu uchaguzi ukarudi, na zile koo mbili kubwa zilikuwa zimeoana kidogo, zikakubaliana mtu mmoja. Omomenyi akaanza kutafuta akina mama.

Alikuja kwangu mchana, amenenepa, bila dereva. Nikamwacha asimame. Akatoa bahasha kutoka mfuko wa koti.

"Mama, nimemwandikia afisa mkuu wa ardhi. Barua hii inasema kesi yako isikilizwe upya, jina lako liingie kwa niaba ya watoto wako. Nimetia sahihi. Akiipata barua ya mbunge hataikalia."

Nikaitazama bahasha. Akaendelea.

"Ile siku ulinishinda. Nilikosea, nakubali. Sasa nisaidie. Zunguka nami kama zamani. Akina mama wanakusikia wewe."

Nitasema ukweli, mkono wangu ulitoka. Nilikuwa naijua bahasha ile ina nini kuliko nilivyokuwa najua kitu chochote maishani. Kitinda mimba alikuwa karibu kutahiriwa, na baada ya hapo angetaka kujenga kibanda chake. Vidole vyangu viligusa karatasi.

Kisha akasema, "Neno lako ni neno, mama."

Nikaurudisha mkono.

"Mheshimiwa, wazee waliandika kwamba neno langu si kitu. Wewe ulikuwepo, ulikuwa kwenye kiti. Sasa kura utazipataje kwa neno ambalo si kitu?"

"Usiwe mjinga. Fikiria watoto."

"Mwalimu, toka kwangu. Pitia juu, chini kuna viazi vyangu."

Akasimama na bahasha yake kama mtu aliyepotea njia. Akaniita jina ambalo mwalimu hapaswi kulisema, kwa Kigusii safi kabisa, kisha akapanda gari. Mimi sikuzunguka na yeyote mwaka ule. Nilikaa nyumbani, na akina mama waliponiuliza kura watie kwa nani, nikawaambia wakawaulize waume zao. Mheshimiwa akaanguka vibaya. Wanasema alirudi kwao ng'ambo ya mpaka akafundisha tena mpaka kufa, na wanafunzi wake huko nao wanamsifu. Wamsifu.

Kijana wangu, yule kitinda mimba, alijenga pale mtoni. Nyumba ni yake, mke ni wake, watoto wanane ni wajukuu zangu na kila mmoja amenishinda darasa. Shemeji alikufa, lakini karatasi ikaingia kwa wanawe, na kila wakilewa wanakuja kusimama kwenye ua na kupima kwa macho.

Mwaka juzi walikuja hivyo, na kijana wangu alipokwisha kuwafukuza alikaa karibu na jiko akaniuliza, akiwa mtu mzima mwenye mvi kidevuni, "Mama, ile barua ungeichukua tu. Kuzunguka na yule mtu wiki mbili kungekuua?"

Mke wake aliacha kuchambua mboga ili asikie.

"Kusingeniua," nikamwambia.

Akangoja niendelee. Nilisogeza kuni ndani, nikapuliza moto.